Mkataba wa mkopo umeandikwa "forbearance", kila mtu ananipa maana yake, naombeni msaada wakuu

MamaChanja

Mwakeye wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni mama wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma mjini, naanika na kusafirisha. Mtaji nilikopa kwenye taasisi moja ya mikopo midogo, jina naliacha. Mkopo ulikuwa unaenda vizuri tu mpaka Ziwa Tanganyika lilipofungwa mwaka 2024 ili samaki wazaliane, kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane, nyie mnajua hali ilivyokuwa, dagaa hakuna, migebuka hakuna, chanja tupu kunguru tu wanatembea juu yake. Afisa mikopo alikuja mwaloni akajionea mwenyewe, akasema mama wewe usihangaike, utaendelea na marejesho ziwa likifunguliwa. Nikashukuru. Ziwa limefunguliwa nimeanza kurejesha kama kawaida, juzi naletewa karatasi ina penati ya miezi yote ile ya kufungwa. Nikamuuliza si mlinisamehe? Akanionyesha mkataba, ukurasa wa nyuma kabisa, maandishi madogo ya kizungu, kwamba mkopeshaji akimwonyesha mkopaji "indulgence" au "forbearance" yoyote haitahesabika kuwa ameacha haki zake.

Sasa hilo neno ndo tatizo. Afisa anasema maana yake ni uvumilivu. Binti yangu yuko form four kaangalia kwenye simu anasema ni kujizuia. Jirani yangu kasoma mpaka chuo anasema ni msamaha wa deni hivyo nisilipe hata mia. Nani mkweli hapo? Kingereza changu ni cha sokoni jamani mnielewe.

kijana_wa_Mwanga

Nachukua siti ya mbele. Kausha damu, yani hawa wa mikopo ya riba kali, hawajawahi kumwacha mtu salama

Ticha Kasulu

Pole sana mama. Mimi nafundisha English huku Kasulu, ngoja nianze na lugha wanasheria watakuja na mengine.

Binti yako yuko karibu zaidi kuliko jirani, ila hajamaliza. Kujizuia kupo kwa aina nyingi. Mtu akiacha pombe, akiacha nyama, akifunga, huyo anajizuia na tamaa yake mwenyewe na wazungu wana maneno mengine ya hiyo, abstinence, temperance, self-control. Forbearance sio hiyo. Ni pale mtu ana haki au ana uwezo juu ya MWENZAKE, anaweza kumdai, kumshtaki, kumwadhibu, hata kumjibu matusi tu, halafu anauzuia mkono wake. Kwa hiyo lazima kuwe na watu wawili na mmoja awe ameshika mpini. Mtu asiye na cha kudai huwezi kusema ana forbearance, huyo kanyamaza tu.

Na ndo maana jirani kakosea. Mkono uliozuiwa bado ni mkono, haujakatwa. Anayesamehe deni limekufa, anayefanya forbearance deni lipo linapumua anasubiri tu.

Kwa wanafunzi wanaopita humu, kitendo chake ni forbear, iliyopita forbore, halafu forborne. Msichanganye na forebear yenye e katikati, hiyo ni babu wa mababu. Kila mwaka nasahihisha insha mtu kaandika babu zake walijizuia.

Mzee wa Ujiji

Assalam aleikum. Mwanangu MamaChanja, ticha kasema kweli na mimi naongeza kidogo tu. Hili jambo sio geni kwetu wala halijaletwa na benki. Surat al-Baqara aya ya 280 inasema mdaiwa akiwa katika dhiki basi apewe muda mpaka afarijike, na mkimwachia ikawa sadaka ni bora zaidi kwenu. Sasa angalia hapo kuna ngazi mbili. Ya kwanza kungoja, na hiyo ni amri kwa mdai akiona mwenzake kabanwa. Ya pili kusamehe kabisa, na hiyo kaachiwa hiari yake, imewekwa juu zaidi. Hilo neno lako la kizungu ni ngazi ya kwanza. Na katika majina ya Mwenyezi Mungu liko al-Halim, yule anayeweza kuadhibu saa hiyo hiyo lakini hana haraka.

Ila mzee wako nauliza swali, kwenye ngazi ya kwanza ya Qurani hakuna penati ya kungojewa. Hawa wenzetu kungoja kwenyewe wanakuuzia.

MamaChanja

Waleikum salaam baba. Nimekuelewa. Hapo pa "wanakuuzia" ndo pananiuma.

Ticha Kasulu

Mzee wangu shikamoo, umenikumbusha. Hata Biblia imezitenganisha hizo ngazi. Wakolosai 3:13 ile ya kingereza cha zamani cha King James ina forbearing na forgiving zimepangwa moja baada ya nyingine, na Union Version yetu imeandika "mkichukuliana, na kusameheana". Kwa hiyo ni vitendo viwili. Na Warumi 2:4 penye forbearance ya Mungu wameweka "ustahimili wake", halafu uvumilivu ukaja pembeni yake kama kitu kingine. Kigiriki cha hapo neno lenyewe lilitumika pia kwa kusimamisha vita kwa muda, majeshi yanapumzika lakini hakuna aliyesalimisha silaha. Kwa hiyo afisa wako anaposema ni uvumilivu tu, kasema nusu, ile nusu tamu.

Mnyamwezi Halisi

Niko Tabora nafuatilia. Kwa hiyo mke wangu akiona nimerudi saa tisa usiku akanyamaza ni forbearance sio msamaha?

DadaMtumbwi

@Mnyamwezi Halisi ndio mkuu na penati inahesabiwa, jiandae

Mwanasheria uchwara

Hahaha nyie watu. Haya twende kazini. Natoa elimu ya jumla tu, mama ukiwa na nafasi kaa na wakili mwenye leseni au wasaidizi wa kisheria.

Hicho kifungu alichokuonyesha kipo kwenye karibu kila mkataba wa mkopo duniani, wanakinakili tu kutoka fomu hadi fomu. Kazi yake ni moja. Mkopeshaji anaogopa kwamba akikuvumilia mara ya kwanza na ya pili, ya tatu utasema "mbona siku zote mnaniacha, mlishabadilisha mkataba". Kwa hiyo anaandika mapema kabisa kwamba nikinyamaza usije ukahesabu nimekubali. Ukimya wake, kutokukupigia simu, kutokuleta dalali, vyote hivyo havimfungi.

Lakini sheria ya mikataba inauona ukimya kuwa kitu kimoja na AHADI kuwa kitu kingine. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, mizizi yake ni ile ya India ya 1872, na ndani yake imeandikwa kabisa kwamba malipo ya ahadi sio lazima yawe pesa au kazi, hata mtu KUACHA kufanya kitu kwa ombi la mwenzake ni malipo tosha. Kujizuia kuna thamani mbele ya sheria.

Kuna kesi moja ya New York tunasomeshwa vyuoni, Hamer dhidi ya Sidway, 1891. Mjomba au baba mdogo sijui mtamwitaje kwa kiswahili, tajiri, mwaka 1869 kwenye sherehe ya familia anamwambia kijana wa ndugu yake mbele ya wageni, usinywe pombe, usivute tumbaku, usitukane, usicheze karata wala biliadi za pesa mpaka utimize miaka 21, nitakupa dola 5,000. Kijana akajizuia kweli. 1875 katimiza 21 kaandika barua, mzee kamjibu pesa yako ipo nimeitunza, wewe subiri ukomae kidogo. Kijana kakubali isubiri kwa mzee. 1887 mzee kafariki, msimamizi wa mirathi anagoma kulipa, hoja yake eti kijana hakutoa chochote, tena kafaidika yeye mwenyewe kwa afya yake. Mahakama ya juu ya jimbo ikasema hapana, alikuwa na haki halali ya kunywa na kuvuta, akaiweka pembeni kwa sababu ya ahadi ya mzee, hilo linatosha. Pesa ilipwe.

Kwa hiyo swali langu kwako mama ni hili tu: huyo afisa alisema kwa mdomo, au aliandika popote?

Mnyamwezi Halisi

Yani Marekani unalipwa kwa kutovuta tumbaku, huku Tabora tunalipwa kwa kuilima. Dunia haina usawa

kijana_wa_Mwanga

dola 5,000 ya mwaka 1869!! mimi hata sigara ya kwanza nisingeijua

Bongo_Ohio

Nipo Marekani wakuu. Huku hilo neno lilikuwa mdomoni mwa kila mtu 2020 wakati wa korona. Machi mwaka huo serikali ilipitisha sheria, mwenye mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na serikali kuu akisema tu nimeathirika na korona anapewa forbearance mpaka siku 180, na akiomba anaongezewa 180 nyingine, na sheria ikakataza kuongeza faini za ziada kwa kipindi hicho. Sasa watu wengi walielewa kama jirani yake MamaChanja, wakajua serikali imelipa. Kipindi kikaisha wanaambiwa zile rejesho zote zipo zinawasubiri, wengine zikapelekwa mwisho wa mkopo, wengine wakapangiwa upya. Na mikopo ya wanafunzi huku ukiwa kwenye forbearance ya kawaida riba inaendelea kukimbia wewe umelala. Kwa hiyo hata wenye lugha yao neno linawapiga chenga.

MamaChanja

@Mwanasheria uchwara aliandika!! Siku ile alisimama pale kwenye chanja, kitabu changu cha marejesho kilikuwa kwenye ndoo na mizani, akakichukua akakiweka juu ya gunia, akaandika kwa biki ya bluu "mteja atarejesha baada ya ziwa kufunguliwa", tarehe, akasaini na kugonga muhuri ule mdogo wanaotembea nao. Ukurasa una doa la mawese lakini maandishi yanasomeka vizuri. Nilikuwa sijaona kama ina maana yoyote nikajua ni kumbukumbu zake tu.

Mwanasheria uchwara

Mama huo ukurasa usiupeleke popote kabla hujautolea kopi. Piga picha sasa hivi, toa kopi mbili, halisi kaa nayo wewe.

Nikueleze kwa nini. Kuna kesi ya Uingereza ya 1947, High Trees. Mwenye jengo la fleti London alikuwa analipwa na mpangaji mkuu pauni 2,500 kwa mwaka, vita ikaingia watu wamekimbia mji, 1940 akaandika nakupunguzia iwe pauni 1,250. Mpangaji akaenda na hiyo hesabu miaka yote ya vita. 1945 fleti zimejaa tena, wanadai kodi kamili. Jaji Denning akasema kuanzia pale jengo lilipojaa lipa kamili, haki yao haikufa. Lakini akasema pia wangeijaribu kudai tofauti ya miaka ile ya nyuma wasingeipata, kwa sababu waliahidi na mwenzao akaitegemea ahadi.

Umeona zinavyokaa pamoja? Haki haifi, ila kipindi ulichoahidi kungoja huwezi kugeuka nyuma ukakitoza kama vile hukuahidi. Kesi za Uingereza haziifungi mahakama yetu lakini zinasomwa na zinasikilizwa. Kwa hiyo deni lako lipo na utalilipa lote, jirani asikudanganye. Penati ya miezi ile ndo ya kubishania, tena unabishana ukiwa na maandishi ya mtu wao na muhuri wao, sio ukimya wao. Watakujibu kwamba afisa hakuwa na mamlaka ya kuandika vile, jiandae na hilo, uliza nani aliyemtuma mwaloni siku ile na kwa nini anatembea na muhuri.

Utaratibu ni hivi, kwanza malalamiko kwa maandishi kwao wenyewe, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu au wakikujibu hovyo, kampuni za mikopo midogo ziko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na msimamizi ni Benki Kuu, unapeleka kule na ile nakala.

Swali la mwisho. Una mdhamini?

Mnyamwezi Halisi

Nje ya mada kidogo, hii ya kujizuia ndo ilimpa heshima George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, kakaa mihula miwili akaondoka 1797 na hakuna sheria iliyomlazimisha, wenzake wakaiga zaidi ya miaka mia mpaka Roosevelt kashinda wa tatu 1940 na wa nne 1944, ikabidi waandike kwenye katiba 1951. Ikishafika kuandikwa ujue kujizuia kumeisha

DadaMtumbwi

Mkuu siasa ina jukwaa lake, hapa tuna penati ya mama

Ila umegusa kitu. Hata ziwa lenyewe, nchi nne tumekubaliana tulifunge samaki wazaliane, wavuvi wamezuia mikono miezi mitatu wenye nyavu na injini wako nazo nyumbani. Sasa mvuvi ajizuie, mama wa dagaa ajizuie, halafu wa riba peke yake ndo asijizuie? Hapo mimi ndo sielewi

MamaChanja

Mdhamini ninaye, shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Aliweka saini na kiwanja chake. Hajui kitu kuhusu hii penati, nilikuwa natafuta namna ya kumwambia.

Mwanasheria uchwara

Mwambie leo mama. Na hapa neno lako linarudi tena, safari hii lipo kwenye sheria yetu kabisa.

Sheria ya Mikataba inasema mdai akijizuia tu kumshtaki mkopaji, mdhamini haponi, bado kabanwa. Kwa hiyo miezi yote mdai anayokaa kimya mdhamini asidhani kimya hicho kimemtoa. Lakini mdai akiingia MAKUBALIANO na mkopaji ya kumpa muda bila mdhamini kuridhia, mdhamini anaweza kuwa ameachiwa. Kwa nini? Kwa sababu shemeji alidhamini mkopo wa ratiba fulani, nyie mmekaa bila yeye mkabadilisha ratiba, mzigo sio ule aliokubali kuubeba. Sasa yale maandishi ya kwenye kitabu ni kujizuia au ni makubaliano? Wakili mzuri anaweza kula siku nzima hapo.

Kabla hujafurahi, soma fomu ya mdhamini. Nyingi zina kifungu kwamba mdhamini ataendelea kubanwa hata mkopaji akipewa muda bila yeye kujulishwa. Kama kipo, ameshakubali mapema.

MamaChanja

Nimeitafuta fomu kwenye sanduku nimeipata. Binti kanisomea. Kipo. Tena na neno lenyewe lipo tena, "time, indulgence or forbearance", yote matatu kwa mstari mmoja. Basi hapo shemeji hana pa kutokea.

Mwanasheria uchwara

Nilitegemea. Basi nguvu zote kwenye penati. Kwenye barua usiandike "mlinisamehe", ukiandika hivyo wanakushinda kwa mstari mmoja, watakwambia hatukusamehe na watakuwa wakweli. Andika "mliahidi kwa maandishi kungoja mpaka ziwa lifunguliwe, nimeanza kulipa lilipofunguliwa, naomba penati ya kipindi hicho iondolewe". Na siku nyingine mtu akikupa muda, mwambie aandike mambo matatu, mpaka lini, riba inaendelea au imesimama, na penati ipo au haipo. Akikataa kuandika ujue anakupa kimya tu, na kimya chao mmeshaona kina thamani gani.

Mzee wa Ujiji

Na mwanangu ukienda usiende na jazba. Mpe yule kijana wa mikopo nafasi ya kurekebisha kabla hujamtaja kwa mabosi wake. Yeye ndiye mwenye saini pale, ukimpandishia sauti mbele za watu atakana hata muhuri wake.

kijana_wa_Mwanga

Mzee anamwambia mama naye afanye forbearance 😂

Shemeji_Injini40

Habarini. Nimetumiwa huu uzi na mtu wa kikundi chetu cha Katonga, nimesoma kuanzia juu, nikafika kwenye doa la mawese nikajua hiki kitabu nakifahamu.

Shemeji, kiwanja sio neno, tutaongea. Ila hiyo penati mimi silipi na wewe hulipi. Jumatatu saa mbili asubuhi niko pale mbele ya ofisi yao, njoo na kitabu chenyewe na kopi, fomu yangu ya udhamini nayo njoo nayo kwa sababu mimi nakala sikupewa. Na ticha wa Kasulu kama anaweza hiyo barua aipitie kwanza kingereza chake, maana wao wanajibu kwa kingereza.

Ticha Kasulu

Iwekeni hapa leo jioni. Ila iandikeni kwa kiswahili, nitawawekea neno moja tu la kizungu katikati, na mnalijua.